Kabati moja la kompyuta kumi za majirani: namna ninavyolipanga hapa Mwanza

Majengo mengi ya katikati ya mji wetu, hasa mitaa ya kuzunguka Makoroboi, yamejaa ofisi za chumba kimoja kimoja. Duka la dawa lina programu ya stoo, chama cha kuweka na kukopa kina vitabu vyake vya hesabu, mwenye stationari ana kompyuta inayotunza picha za kamera, wakala wa mizigo naye ana yake. Kila ofisi ina kompyuta ambayo haitakiwi kuzimwa, na karibu kila moja imewekwa chini ya meza, jirani na ndoo ya kudekia, imechomekwa kwenye ekstensheni moja na birika la chai.

Kazi yangu ya ufundi siku hizi ni kuzitoa huko chini na kuzipa makazi ya pamoja: kabati moja la raki (lenye nguzo za matundu za kufungia vifaa), lenye hewa, umeme wa uhakika na kufuli, kwenye korido au stoo ya jengo. Kazi hii naipenda, na nataka mafundi wengi zaidi waifanye vizuri, kwa sababu nimeshaona kabati zilizojazwa mashine kiholela hadi fundi akivuta waya mmoja, ofisi tatu zinapoteza kazi ya asubuhi nzima.

Kila uamuzi ninaoufanya naupima kwa kanuni moja: mashine ya mtu iweze kutolewa kabatini bila kuigusa ya jirani yake. Isiguswe kwa mkono, kwa waya, kwa umeme wala kwa joto. Mengine yote nitakayoeleza yametokana na hapo.

Mashine zenyewe

Zinazonifaa ni zile kompyuta ndogo za ofisini zilizokwisha kutumika ng'ambo na kuletwa kuuzwa kama mitumba: Lenovo ThinkCentre Tiny, HP EliteDesk Mini na Dell OptiPlex Micro. Zote zinakaribiana umbo. Upande mmoja ni milimita 175 hadi 183, unene ni 34 hadi 36, uzito ni kilo moja na kitu. Kwa sababu ya ukaribu huo unaweza kuzichanganya kwenye trei moja bila kujali nani alinunua ipi. Nyingi zina prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, yenye herufi T mwishoni mwa namba yake, yaani imebuniwa kwa wati 35. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua hizo. Zile za wati 65 zinaingia kwenye boksi hilohilo dogo lakini joto lake ni habari nyingine.

Kabla mashine haijaingia kabatini naifungua kwanza. Napuliza vumbi, nabadilisha pesti ya kupitisha joto ya prosesa ambayo kwa mashine za mtumba mara nyingi imekauka kama ukoko, halafu nabadilisha betri ya saa ya bodi, ile ya duara ya CR2032. Betri hii ndogo wengi wanaipuuza. Ikiisha, umeme ukikatika kabisa mashine inaweza kusahau mipangilio yake ya BIOS (programu ya ndani inayoiamsha mashine), ikiwemo ule mpangilio muhimu kuliko yote kwa kazi hii: kujiwasha yenyewe umeme ukirudi. Sasa fikiria umeme umekatika saa nane usiku ukarudi saa kumi. Mashine tisa zimeamka, moja imelala, na mwenye nayo anafika saa mbili asubuhi akiwa na foleni ya wateja. Betri ni bei ya soda. Weka mpya.

Ukiwa humo ndani ya BIOS, washa huo mpangilio wa kujiwasha, na uzime onyo la kukosa kibodi, maana baadhi ya mashine hugoma kuendelea zikiona hakuna kibodi iliyochomekwa. Kisha iache usiku mzima ikikimbiza kipimo cha RAM (kumbukumbu ya kazi) na cha prosesa juu ya meza yako. Hitilafu ikijitokeza mezani ni yako na mwenye mashine peke yenu, lakini ikijitokeza kabatini inakuwa ya jengo zima.

Kabati na vipimo vyake

Raki ya kawaida ni ya inchi 19, yaani bati la mbele lina upana wa milimita 482.6. Urefu wake wa kwenda juu hupimwa kwa U, na U moja ni milimita 44.45. Uwazi wa katikati ya nguzo mbili ni kama milimita 450.

Kompyuta hizi ukizilaza zinaingia mbili kwa kila U, kwa hiyo kumi zinataka U tano. Ukizisimamisha kama vitabu kwenye rafu, U tano hizohizo (milimita 222) zinabeba kumi vilevile, na juu ya kila mashine inabaki nafasi ya sentimita nne hivi. Nafasi ni ileile, lakini mimi nazisimamisha. Ukizilaza, ya chini haitoki mpaka uhangaike na ya juu yake na waya zake. Zikiwa zimesimama, kila moja inavutwa mbele peke yake. Na zimebuniwa kukaa namna zote mbili, hivyo feni zake haziumii.

Kwa mashine kumi nachukua kabati la ukutani la U 12. Juu kabisa naweka pachi paneli, yaani bati la matundu zinakoishia waya za mtandao za ofisi, U moja. Chini yake swichi ya mtandao, kifaa kinachounganisha kompyuta zote, U moja, kisha U moja ya kupitishia waya. Zinafuata U tano za kompyuta, halafu U mbili za trei ya adapta. Zinabaki U mbili za chini, nazo naziacha bila kifaa chochote. UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, haiingii humo. Ni nzito, ina betri, inakaa sakafuni chini ya kabati juu ya tofali mbili, maana korido hudekiwa.

Kabati la dukani au la kuchomelea? Mafundi wa Nyakato wanaweza kukuchomelea fremu nzuri ya engo, imara kuliko nyingi za dukani. Ukienda kwao, usimwambie fundi "nataka ya inchi 19" ukaishia hapo. Mpe vipimo vya matundu: kutoka katikati ya tundu la nguzo ya kushoto hadi katikati ya tundu la nguzo ya kulia ni milimita 465. Na matundu ya kwenda juu hayana umbali sawa. Kwa kila U yapo matatu, na umbali kati yake ni 15.9, tena 15.9, kisha 12.7 hadi tundu la kwanza la U inayofuata, ndipo mzunguko unaanza upya. Njia rahisi ni kumpelekea bati lolote la raki la zamani alitumie kama kipimo, atoboe akilifuata. Mwombe pia apige rangi baada ya kutoboa, siyo kabla. Unyevu wa ziwa huanza kula chuma kwenye kingo za matundu.

Kabati likijaa linafika kilo 35 au 40. Ukuta wa bloku zenye uwazi ndani usiuamini na skrubu na plagi za plastiki. Tumia bolti ndefu zinazopita hadi upande wa pili, na huko uweke kipande cha bati kipana chini ya nati.

Trei

Sehemu hii ndiyo ninayoitumia muda mwingi kuliko zote, na sijawahi kukuta dukani kitu kinachonitosha.

Nenda kwa mafundi wa madirisha ya alumini. Wana mabaki ya ile mifereji midogo inayoshika kioo, na kwao vipande vya sentimita 18 ni takataka. Chukua vipande ishirini: kumi vya chini, kumi vya juu. Trei yenyewe ni bati la milimita moja na nusu lililokunjwa kingo, upana milimita 440, lenye kina cha sentimita 25. Chora mistari kumi yenye nafasi ya milimita 44 kutoka mstari hadi mstari, na ufunge mfereji mmoja kwa kila mstari. Mashine ya unene wa 35 inabakiza uwazi wa milimita tisa hadi kwa jirani yake, na uwazi huo unatosha hewa kupita na kidole kuingia.

Mfereji wa alumini ni mwembamba kuliko kompyuta, kwa hiyo kompyuta haiingii ndani ya mfereji. Chini ya kila kompyuta nafunga bati jembamba lenye ukingo ulioshuka, na ukingo huo ndio unaoteleza kwenye mfereji. Kwa kulishikiza kwenye mashine natumia yale matundu mawili au manne ya skrubu ambayo mashine hizi huwa nayo kwa ajili ya kufungwa nyuma ya skrini. Pima kwanza mashine uliyonayo, maana nafasi ya matundu hutofautiana. Juu nafanya hivyohivyo na bati dogo zaidi, ili mashine isiyumbe. Mbele naweka skrubu moja ya kukaza kwa vidole. Ukiilegeza, mashine inateleza mbele kwa sauti ileile ya dirisha la alumini, inatoka mkononi, na za jirani hazijatikisika.

Bati la trei litoboe matundu mengi ya milimita nane kati ya mistari, ili hewa ipande. Kisha pitisha msasa kila tundu pande zote mbili. Waya utakaopita hapo miaka mitano hautakiwi kukutana na makali.

Hewa, vumbi na wadudu wa ziwani

Wati zote zinazoingia kabatini hutoka zikiwa joto. Kompyuta kumi zikiwa zimetulia hula kama wati 10 hadi 15 kila moja. Zikichapa kazi zote kwa pamoja, hesabu wati 400. Kuondoa wati 400 huku hewa ikipata joto la nyuzi 10 tu kunahitaji mita za ujazo 120 za hewa kwa saa ukiwa usawa wa bahari. Sisi hatupo usawa wa bahari. Maji ya ziwa letu yako mita 1,134 juu ya bahari na vilima vyetu viko juu zaidi, hewa ni nyepesi kwa asilimia kumi na zaidi kidogo, kwa hiyo hesabu yangu ni mita 135. Feni ya sentimita 12 iliyoandikwa mita za ujazo 90 kwa saa inatoa kiasi hicho ikiwa haina kizuizi. Iwekee wavu na sponji, kisha uhesabu nusu. Ndiyo maana naweka tatu.

Lakini swali kubwa ni feni zikae wapi, zipulize kwenda wapi. Kabati za dukani huja na feni juu zinazovuta hewa kutoka ndani, na mlango wa kioo mbele. Kioo kinapendeza, taa zinaonekana, ila mashine hizi huvuta hewa kwa mbele na kuitoa nyuma, na umeziwekea kioo puani. Feni za juu nazo zikivuta, hewa inaingia kwa kila upenyo: kwenye bawaba, pembeni ya mlango, kwenye tundu la waya. Hakuna upenyo wenye chujio kati ya hizo, kwa hiyo vumbi lote la barabarani linapitia hapo.

Mimi natoa kioo. Mahali pake naweka bati, na sehemu ya chini ya bati natoboa matundu matatu ya feni zinazosukuma hewa kuingia. Mbele ya feni kuna vitu viwili: nje kabisa wavu wa chuma wa madirishani, ule wa mbu, na nyuma yake sponji ya chujio. Hewa yote inaingia kwa mlango huo mmoja ulio safi, inajaza kabati, na kwenye kila upenyo inatoka badala ya kuingia. Juu nyuma naacha uwazi mpana wa kutokea, nao una wavu. U zote zilizo tupu mbele naziziba kwa bati, la sivyo hewa ya moto ya nyuma inarudi mbele na mashine zinavuta pumzi yao wenyewe. Kosa hilo nalikuta mara nyingi, na dawa yake ni kipande cha bati na skrubu nne.

Kuhusu wavu, fundi wa Dodoma anaweza kuuona anasa. Anayeishi kando ya Ziwa Victoria anajua wale wadudu wadogo wanaoinuka majini kwa mamilioni, wakionekana kwa mbali kama nguzo za moshi juu ya maji, mara nyingi siku zinazofuata mwezi kuandama. Jioni wanaifuata taa. Kama korido yenu ina balbu jirani na kabati, asubuhi utakuta utando wao juu ya wavu, laini, wenye rangi ya kijivu, na ukiupangusa unaacha mafuta kidoleni na harufu ya samaki aliyechacha. Wakiingia kwenye feni isiyo na wavu hujibana kwenye mapanga na kwenye mbavu za kupoza prosesa, wananasa vumbi, na utando huo hautoki kwa kupuliza. Unataka brashi na spiriti. Kwa hiyo hamisha balbu. Iweke mwisho wa pili wa korido. Na wavu ufungwe kwa sumaku au kwa mkanda wa kunasa, usifungwe kwa skrubu, ili mlinzi au mfanya usafi aweze kuutoa, kuukung'uta na kuurudisha bila kuhitaji bisibisi wala kumwita fundi. Sponji ioshwe kwa maji na sabuni mara moja kwa mwezi. Weka mbili, moja ikikauka nyingine inafanya kazi.

Hali ya hewa yetu inatusaidia. Mchana wa kawaida hapa ni nyuzi 27 hadi 30, hivyo kabati lililopangwa vizuri halihitaji kiyoyozi. Naweka kipimajoto cha bei ndogo ndani, juu nyuma. Kikizidi 40 najua chujio limeziba. Kwenye mashine zenyewe natazama prosesa ikiwa kazini. Chini ya 75 nalala usingizi.

Umeme

Adapta ndizo zinazochafua kabati. Kompyuta ni ndogo kwa sababu sehemu yake ya umeme imewekwa nje, na kumi za adapta ni kumi za matofali meusi yenye mikia miwili kila moja. Wengine hutaka kuziondoa na kuweka chanzo kimoja kikubwa cha volti 20 kinacholisha mashine zote. Sikushauri. Kwanza, mashine hizi hutambua adapta yake kupitia pini ya katikati. Dell isipoitambua hutoa onyo na kupunguza kasi ya prosesa. Pili, na kwangu ndiyo kubwa, chanzo kimoja kikifa wamelala wote kumi.

Basi nazipanga adapta kwenye trei yake yenye matundu, zimesimama kwa ubavu, na nafasi ya kidole kimoja katikati. Kila adapta ina namba pande zote mbili za waya, ileile iliyopo kwenye mashine yake. Nazifunga kwa mkanda wa kunasa unaofunguka. Vifungio vya plastiki vya kukaza sivitumii kabisa ndani ya kabati hili, maana kila ukitaka kutoa waya mmoja lazima ukate, na mkasi ukiwa katikati ya waya kumi za watu siku moja utakata usiokusudiwa.

Soketi ziwe na swichi kila moja ya kwake. Siku ya kukabidhi kabati moja, mama wa duka la dawa alisimama mbele yake, akakunja mikono.

"Mwanangu, ya kwangu ni ipi humo?"

"Ni hiyo yenye utepe wa kijani, mama. Namba nne. Na swichi yake ni hii hapa."

Nikaizima kompyuta yake kwa utaratibu, kisha akabonyeza swichi mwenyewe. Taa ya namba nne ikazimika. Akazitazama tisa nyingine moja moja, zote zikiwaka, akaiwasha tena yake, na hapo ndipo akakubali kusaini. Kila mpangaji nampa nafasi ya kufanya jaribio hilo.

Adapta hizi zimeandikwa volti 100 hadi 240, hivyo umeme ukishuka hadi 180 hazijali. Kwa hiyo pesa ya stebilaiza ihamishie kwenye UPS. Ya VA 1,000 kwa kawaida ni wati 600, soma zote mbili kwenye lebo, na ikiwa na betri mbili za volti 12 na Ah 7 itabeba kompyuta kumi zilizotulia pamoja na swichi ya mtandao kwa nusu saa hivi. Waya wake wa USB unachomekwa kwenye mashine moja tu, ile ya jengo lenyewe isiyo ya mpangaji, na programu ya bure ya NUT inawaambia wengine kupitia mtandao kwamba betri inaisha, wajizime kwa utaratibu. Unapoliwasha kabati lililokuwa limezimwa, bonyeza swichi za soketi moja moja ukihesabu hadi tano katikati. Adapta kumi zikiamka kwa pamoja zinavuta mkupuo mkubwa ambao UPS ndogo inaweza kukataa.

Sasa radi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yenye radi nyingi duniani, na tunazisikia usiku kucha zikizunguka juu ya maji. Mwili wa kabati lazima uungwe na athi, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini, kwa waya mnene, mlango na trei nazo ziungwe. Shida yetu inakuja kwenye rodi ya athi inayopigiliwa ardhini. Mji huu umekaa juu ya miamba, na sehemu nyingi rodi ya shaba inashuka nusu mita inagota kwenye jiwe. Kuikata ibaki fupi na kuunga waya hapo ni kujidanganya, kwa sababu mwamba mkavu haupitishi umeme ipasavyo. Kinachofanya kazi ni kuchimba mtaro wa kulaza shaba tupu ndani ya udongo kwa mita nyingi, ukielekea upande wenye unyevu, na kuunganisha rodi fupi kadhaa kwa pamoja. Kazi hiyo afanye fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na aipime kwa kifaa cha athi mbele yako. Usikubali "iko sawa" ya mdomo.

Na kama kuna ofisi jengo la pili inayotaka kuunganishwa, usivute waya wa shaba wa mtandao hewani kati ya majengo. Radi ikipiga karibu, waya huo unaingiza mshtuko moja kwa moja kwenye swichi ya mtandao, nayo inaugawa kwa wote. Vuta faiba, waya wa kioo unaopitisha mwanga. Kioo hakipitishi umeme.

Gharama za LUKU, umeme wa kulipia kabla, huleta maneno kwenye majengo, kwa hiyo zimalize mwanzoni kwa kipimo. Chomeka kila mashine kwenye mita ndogo ya wati kwa wiki moja kabla ya kugawana. Inayokula wastani wa wati 12 ni uniti 8.6 kwa mwezi wa siku 30; ya wati 30 ni 21.6. Umeme wa feni na wa swichi ya mtandao ugawanywe sawa kwa wote. Bandika hesabu hiyo ndani ya mlango.

Mtandao

Hapa sina mengi. Swichi ya poti 16 au 24 ya gigabiti inayokubali VLAN (kuugawa mtandao mmoja katika vyumba visivyoonana), na kila mpangaji apewe VLAN yake, ili kompyuta ya chama cha mikopo isionane na ya stationari hata kama zinagusana mabega. Kati ya pachi paneli na swichi tumia kebo fupi za nusu futi, rangi moja kwa kila mpangaji, rangi ileile ya utepe wa mashine yake. Baadhi ya hizi mashine zina teknolojia ya Intel AMT inayokuwezesha kuiwasha na kuiona skrini yake ukiwa mbali. Kama hutaitumia, izime. Kama utaitumia, badilisha nywila ya kiwandani siku hiyohiyo.

Wenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, badala ya hizi kompyuta wanaweza kufuata mpango huuhuu kwa vipimo vingine. Bodi yake ni milimita 85 kwa 56, matundu yake ni ya skrubu za M2.5 kwa nafasi ya 58 na 49, na ukizisimamisha zinaingia ndani ya U mbili. Faida yake ni kwamba kwa Pi 4 unaweza kutumia kofia ya PoE (bodi ndogo ya juu inayopokea umeme kwa waya wa mtandao) na swichi ya mtandao inayotoa umeme, mtandao na umeme vikapita waya mmoja, ukaachana na trei nzima ya adapta. Pi 5 inataka umeme mwingi zaidi. Adapta yake rasmi ni ya wati 27, kwa hiyo hakikisha swichi ina wati za kutosha kwa jumla ya poti zote. Na usiendeshe hesabu za mtu juu ya kadi ndogo ya kumbukumbu. Weka SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka.

Kufuli na daftari

Funguo ni mbili. Moja kwa msimamizi wa jengo, nyingine kwenye bahasha iliyosainiwa na wapangaji kwenye mdomo wake, ikae kwa mmoja wao. Fundi, yaani mimi au wewe, habaki na ufunguo. Anafungua akiwa na mwenye mashine au mwakilishi wake.

Msimamo huu nimeushikilia hata kwa wateja wanaoona ni usumbufu. Ndani ya mashine hizo kuna majina ya wagonjwa na dawa zao, kuna madeni ya watu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, mwenye ofisi anawajibika kisheria kwa taarifa hizo popote zilipo, hata zikiwa koridoni. Diski ya kila mashine ifungwe kwa usimbaji, na nywila iwe ya mwenyewe.

Ndani ya mlango kuna daftari la kamba. Tarehe, namba ya mashine, aliyefungua, alichogusa, saini. Kurasa za mwisho nimechora mchoro wa kabati lote: namba ya mashine, ya adapta, ya soketi, ya poti, rangi ya waya. Mchoro uwe wa kalamu na karatasi. Utauhitaji siku ambayo kila kitu kimezimika.

Mpangaji akihama, utaratibu ni huu. Mashine izimwe mbele yake, swichi ya soketi ibonyezwe, skrubu ya mbele ilegezwe. Anapewa kompyuta, adapta na waya zake zote mkononi, anahesabu, anasaini. Futa VLAN yake, toa utepe wa rangi, rekebisha mchoro kwa kalamu ya rangi nyingine na uandike tarehe. Mwishowe ziba nafasi yake kwa bati la upana wa milimita 44 siku hiyohiyo, hata kama mpangaji mpya anaingia wiki ijayo, maana uwazi huo utaiba hewa ya waliobaki wote.